Viziwi na Uchache wa Waalimu Wao

Wasikilizaji wetu wa Katandala na Ufipa nzima, leo twataka kueleza habari za viziwi, na kwa nini watu waliofundishwa kuwahudumia ni wachache.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja. Mtoto kiziwi huitwa bubu, kana kwamba ulimi wake una kasoro. Sivyo. Ulimi ni mzima na sauti anayo. Ila mtu husema kwa kuiga ayasikiayo, naye hasikii. Akionyeshwa lugha ya alama, isemwayo kwa mikono na uso, huijua kama wengine wajuavyo lugha ya kinywa. Lakini majira ya kujifunza lugha ni miaka ya kwanza. Mahindi yakipandwa mvua zikikaribia kwisha huota, lakini hayazai vema. Ndivyo alivyo mtoto aliyefika miaka 10 pasipo lugha yo yote.

Basi mtoto huyu ahitaji watu wanne: mganga wa masikio, mpimaji wa usikivu, mwalimu wa viziwi, na mkalimani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu milioni 430 wahitaji msaada kwa ajili ya usikivu wao. Lakini katika nchi maskini, zaidi ya tisa katika kila kumi hazina hata mpimaji mmoja kwa kila watu milioni.

Sababu ni nini? Katika Tanzania, shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, nayo ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Waalimu wa elimu maalum hufundishwa katika Chuo cha Patandi, Arusha, mbali sana na Sumbawanga. Tena cheti peke yake hakitoshi: alama hujifunzwa kwa kukaa na viziwi wenyewe. Kwa hiyo mwalimu mmoja akihamishwa, darasa zima hubaki bila mtu wa kusema nao.

Nasi tufanye nini? Mtoto mchanga na agongewe kifuniko cha sufuria nyuma yake. Asiposhtuka, apelekwe hospitali, tusingoje akue. Sikio litokalo usaha litibiwe upesi, wala lisitiwe mafuta. Chanjo ya surua isikosekane, maana surua huweza kuharibu masikio.

Nanyi wanafunzi, mkiulizwa mtakuwa nani, kumbukeni kazi hii. Kiziwi wa jirani yenu ana mengi ya kusema. Amekosa wa kusema naye tu.