Binti yako anapoomba ruhusa ya kwenda kambini



Barua kutoka shuleni imefika nyumbani. Binti yumo katika kikundi cha Girl Guides, yaani maskauti wa kike, nao wataondoka Bukoba Ijumaa jioni kwenda kupiga kambi upande wa Muleba hadi Jumapili. Baba huisoma barua mara mbili, huiweka juu ya kabati, akanyamaza. Mama humngojea baba, na binti huwangojea wote wawili.

Kunyamaza si jibu. Wazazi wengi wana hofu tatu: kwamba jambo hili ni la dini nyingine, kwamba Swala zitapotea, na kwamba heshima ya binti itaingia hatarini. Kila hofu yastahiki kupimwa kwa elimu.

Kuhusu hofu ya kwanza, chama hiki kilianza Uingereza mwaka 1910 chini ya Robert Baden-Powell na dada yake Agnes, baada ya wasichana kujitokeza katika mkutano wa maskauti wa kiume jijini London mwaka 1909 na kudai nafasi yao. Baden-Powell mwenyewe alifia Kenya mwaka 1941, na kaburi lake liko Nyeri. Ahadi ya chama inataja wajibu kwa Mungu, kwa nchi na kwa watu, wala hakikuundwa kwa wafuasi wa dini moja. Misri, Pakistan, Kuwait na Oman nazo zina vyama vya aina hii.

Wito wao ni kuwa tayari. Tayari kwa lipi? Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na 19 wakafariki. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu.

Zingatieni kwamba misiba yote miwili ilitokea mwisho wa juma, watoto wakiwa majumbani. Je, binti yako angejua kuzuia damu isitoke, kufunga mfupa uliovunjika, au kumtuliza mdogo wake? Hayo ndiyo hufundishwa kambini.

Wala si mageni katika Uislamu. Rufaida wa kabila la Aslam aliwatibu majeruhi katika hema lililopigwa msikitini mwa Mtume (SAW). Ummu Atiyya alifuatana na jeshi katika vita saba, akipika na kuuguza. Na Surat al-Maida, aya ya 32, inatufunza kuwa kuokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote.

Kuhusu Swala, muulize mwalimu ratiba. Umbali wa kutoka Bukoba hadi Muleba haufikii masafa ya kufupisha Swala katika madhehebu ya Imamu Shafi, basi binti ataswali kamili. Ajue pia kwamba Bukoba jua huchomoza takriban nusu saa baada ya Dar es Salaam. Anayefuata adhana ya redio ya huko huenda akaswali Alfajiri kabla ya wakati. Kibla nacho kiko kaskazini, kwa kuelemea mashariki kidogo. Binti aliyefundishwa kutumia dira hatahangaika. Na asiye na dira, ufukweni mwa Bukoba, asimame ziwa likiwa kuliani kwake, kisha ageukie upande huo kidogo.

Hofu ya tatu ndiyo nzito, wala haifai kudharauliwa. Hadithi sahihi zimekataza mwanamke kusafiri peke yake bila maharimu, na wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu masafa na kuhusu msafara wa wanawake waaminifu. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu. Lililo salama zaidi ni mama, shangazi au mzazi mwingine wa kike kufuatana na kikundi. Kisha wekeni masharti kwa maandishi: viongozi wanaolala kambini wawe wanawake, mahema yawe na ulinzi, hijabu iruhusiwe pamoja na sare, nyama iwe halali na sufuria ziwe safi, na saa ya kurejea ijulikane. Walimu wenye nia njema hawatachukia maswali hayo. Anayeyachukia amekwisha kukujibu.

Masharti yakitimia, mpe binti ruhusa na dua. Yasipotimia, mkatalie kwa upole, umweleze sababu, kisha mtafutie mwalimu wa huduma ya kwanza karibu na nyumbani. Kumzuia bila kumpa badala yake ni kumwacha bila ulinzi siku ardhi itakapotetemeka tena. Muhimu ajibiwe kabla ya Ijumaa, na ajue kwamba baba na mama wameshauriana kwa ajili yake.