Meza ya Magazeti Isiyo na Mtoto

Muuza magazeti wa karibu na Soko Kuu la Songea ana mpangilio wake, na haubadiliki. Mbele huweka ya michezo, maana ndiyo yanayotoka haraka. Nyuma yake hukaa ya siasa, pembeni ya udaku, na juu ya kila rundo kipande cha tofali cha kuzuia upepo. Chini ya meza kuna madaftari, kalamu na rula. Mtoto wa darasa la tano akija na shilingi mia tano yake, ataondoka na daftari tupu. Karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa ajili yake, yenye hadithi, shairi, vitendawili na barua ya mtoto mwenzake wa Tunduru au Mbamba Bay, haipo mezani pale.

Watu wazima tuna jibu la haraka: watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Nimelisikia kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa watu wa maktaba. Naona tunawasingizia. Mtu hawezi kukataa chakula ambacho hakijapakuliwa. Kabla ya kumhukumu mtoto, tuhesabu kwanza ni nini kiliwahi kuwekwa mbele yake, kiliondolewa lini, na nani alikiondoa.

Nchi yenye watu kama mkoa wetu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794 katika Mkoa wa Ruvuma. Slovenia, nchi ya Ulaya iliyo kati ya Italia na Kroatia, ina watu milioni mbili na kidogo, na eneo lake ni kama theluthi moja ya mkoa huu. Lugha yao haivuki mpaka kwa umbali mrefu. Hata hivyo mwaka 1871, mjini Ljubljana, mwalimu Ivan Tomšič alianza kutoa Vrtec, jarida la watoto kwa Kislovenia. Wakati huo Waslovenia hawakuwa na dola yao. Wengi wao walikuwa wakulima chini ya himaya ya Austria na Hungaria, na Kijerumani kilikuwa lugha ya wakubwa. Vrtec lilitoka hadi 1944. Mwaka 1900 likaja Zvonček, jarida la chama cha walimu, nalo likadumu hadi 1939. Mwaka 1945, vita ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, likaanza Ciciban, jina lililotokana na kitabu cha mashairi ya watoto cha Oton Župančič cha 1915. Ciciban linatoka mpaka leo. Lilizaliwa ndani ya Yugoslavia, likaiona Yugoslavia ikivunjika, na bibi aliyelisoma utotoni anaweza kulinunua kwa ajili ya mjukuu.

Mfano huu una kazi moja: unatuondolea visingizio. Hatuwezi kusema tu wachache, kwa sababu Kiswahili kina wasemaji wengi mara kadhaa kuliko Kislovenia. Hatuwezi kusema tulitawaliwa, kwa sababu nao walitawaliwa. Hatuwezi kusema lazima nchi itajirike kwanza, kwa sababu Vrtec lilianza mikononi mwa mwalimu, miongoni mwa watu wa jembe.

Kurasa za kuazima

Tuseme ukweli: Kiswahili hakijapata jarida la fasihi la watoto lenye umri wa Ciciban. Tulichokuwa nacho ni kurasa za kuazima. Majarida ya watu wengine, yenye malengo mengine, yaliacha nafasi ambamo kijana aliweza kuandika na kusomwa.

La kwanza linalostahili kukumbukwa ni Msimulizi, lililoanza 1888 katika shule ya Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kiingereza ya UMCA. Humo vijana waliokuwa wakisoma waliandika Kiswahili chao wenyewe, na habari zilitoka katika vituo vya misheni mpaka huku kusini. Baadaye, mwaka 1904, shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga ilianza kutoa Kiongozi, lililochapwa na mtambo wa shule hiyohiyo. Vita Kuu ya Kwanza ikalizima. Waingereza nao wakaanzisha Mambo Leo mwaka 1923 kupitia Idara ya Elimu. Hili lilienea kuliko yote yaliyolitangulia. Mwalimu wa shule ya kijijini ndiye aliyelipokea, akalisoma kwa sauti, kisha msomaji akachukua kalamu na kujibu. Shaaban Robert, kabla jina lake halijawa jina, alipeleka mashairi huko.

Hapa Ruvuma tulikuwa na chetu. Kilomita zaidi ya ishirini magharibi ya mji wa Songea iko Peramiho, ambako Wabenediktini walifika 1898. Abasia yao ikawa na mitambo ya uchapaji, na kwa kushirikiana na abasia ya Ndanda ikatoa jarida la Mwenge, lililosomwa kusini yote, pamoja na Mlezi kwa ajili ya walimu wa dini. Nyumba nyingi za upande huu zilizokuwa na karatasi moja tu ya kusomeka mbali na Biblia na kitabu cha sala, karatasi hiyo ilitoka Peramiho. Watoto walijifunzia kusoma kwenye magazeti yaliyokusudiwa baba zao.

Uhuru ulipokuja, nguvu za taifa zilielekezwa kwenye kisomo cha watu wazima, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yaliandikwa kwa ajili ya mzazi. Mtoto alipewa dawati kwa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa 1977, jambo kubwa lisilobezwa, lakini hakupewa jarida. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na kuondoka na East African Literature Bureau, idara ya vitabu iliyokuwa ikikuza waandishi tangu 1948.

Miaka ya 1980 vijana walijitafutia. Jarida la katuni la Sani lilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika, na michoro ya Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana kabisa, ilijulikana bweni kwa bweni. Sani halikuwa la watoto, na wazazi wengi walilificha, lakini lilithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania akipata karatasi inayomchekesha kwa lugha yake, ataitafuta popote ilipo. Mwaka 1999 likaja jarida la shirika la Femina, linalojulikana kama Fema, lililogawiwa bure katika shule za sekondari, likiwa na klabu zake, picha za wanafunzi wenyewe na barua zao. Kwa wengi waliosoma sekondari baada ya 2000, hilo ndilo jarida pekee waliloliita letu. Lakini ajenda yake ni afya, stadi za maisha na uraia. Hadithi na shairi huingia kama mgeni.

Kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe

Ukiyapanga majarida hayo kwa mstari utaona jambo moja. Msimulizi na Mwenge yalikuwa ya misheni. Kiongozi na Mambo Leo yalikuwa ya serikali za kikoloni. Fema liliinuka kwa fedha za wahisani. Kila moja lilikuwa na mwenyewe aliyetaka kitu kingine: muumini, karani, kijana mwenye afya njema. Hakuna ubaya katika kutaka hivyo. Lakini mwenye jarida alipoondoka au kubadili shauri, ukurasa wa kijana ulikwenda naye. Hakuna aliyebaki nyuma akisema, hii ni yetu, tutaiendeleza. Slovenia aliyebaki nyuma alikuwa mwalimu.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wetu anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Anapofika umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, umri ambao kalamu huanza kukolea, tunamhamishia kwenye Kiingereza. Msomaji ambaye jarida la vijana lingemtegemea anaondolewa katika lugha yake wakati anapoanza kuiweza. Hata jitihada njema zimefuata njia hiyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 na kutoa vitabu vingi vizuri vya Kiswahili kwa shule za msingi, ulisimamia pia Tuzo ya Burt kwa vitabu vya vijana kuanzia 2008. Tuzo hiyo ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Kenya nako majarida ya watoto yanayokumbukwa sana, Rainbow la miaka ya 1970 na Pied Crow la miaka ya 1980, yalikuwa ya Kiingereza.

Sababu ya tatu ni mlango wa shule, na hii haizungumzwi. Jarida la watoto haliishi kwa meza ya mtaani. Linaishi kwa mwalimu anayekusanya fedha kidogo kwa kila mwanafunzi, anaagiza nakala arobaini na kuzigawa Ijumaa. Mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016 umeingiza darasani watoto ambao wasingeingia, na mwandishi huyu anauunga mkono. Lakini katika kuzuia michango holela, ulimwacha mwalimu mkuu akiogopa kukusanya hata shilingi mia tano, hata kwa kitu ambacho mzazi angelipa kwa hiari. Upande wa pili, sera ya vitabu ya 1991 iliwapa wachapishaji binafsi soko la vitabu vya kiada, kisha muongo uliopita kazi hiyo ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Zipo hoja za haki kwa uamuzi huo. Matokeo yake ni kwamba mchapishaji ambaye faida ya kitabu cha hesabu ingemwezesha kubeba hasara ya jarida la hadithi, hana tena faida hiyo.

Karatasi na usafiri ni matatizo, lakini si ya kwanza. Mkoa wetu umewahi kupokea shehena za karatasi za kusomea. Mradi wa Tusome Pamoja, uliokuwa Ruvuma na mikoa mingine michache kuanzia 2016 hadi 2021, ulileta vitabu mpaka shule za ndani kabisa. Vilifika. Mradi ukaisha kwa tarehe yake, kama miradi yote. Kitabu cha mradi humfundisha mtoto kusoma, lakini hakimngoji mwezi ujao wala hakimjibu akiandika.

Na simu? Katuni za Ubongo Kids zimewafundisha watoto wengi hesabu kwa Kiswahili kizuri, na ni jambo la kujivunia. Lakini simu ya nyumbani Namtumbo ni ya baba, ina bando la baba, na huondoka naye shambani. Hata ikibaki, mtoto anatazama tu. Jarida humpa nafasi ya kuandika jina lake, darasa lake na kijiji chake chini ya beti nne, kisha kusubiri.

Penseli

Katika shule moja ya sekondari hapa mjini niliwahi kusimama mbele ya gazeti la ukutani. Ni ubao laini ndani ya fremu yenye wavu, umetundikwa nje ya ofisi ya walimu. Katikati ya matangazo ya zamu na orodha ya wanaodaiwa vitabu, palikuwa na shairi la mwanafunzi wa kidato cha pili, beti tano, limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Jua lilikuwa limeifubaza bluu ile. Pembeni ya ubeti wa tatu mtu alikuwa ameandika kwa penseli: mshororo wa pili, mizani pungufu, rekebisha ulete tena.

Penseli ile ndiyo mhariri. Ndiyo kazi waliyoifanya wahariri wa Mambo Leo kwa vijana wasiowajua sura, na ndiyo waliyoifanya wenzao wa Ljubljana kwa zaidi ya miaka mia. Haihitaji mfadhili kuanza. Inahitaji mtu anayesoma kazi ya mtoto kama kazi, anayerudisha jibu, na anayefanya hivyo tena mwezi unaofuata. Mkoa huu una shule zenye mbao kama ule, walimu wa Kiswahili wanaojua mizani, mashine za kurudufu mitihani, na mabasi yanayokwenda Mbinga, Nyasa na Tunduru kila siku. Kilichokosekana ni wa kuviunganisha na kukaa navyo.

Niliporudi shuleni pale muhula uliofuata, shairi lilikuwa limebanduliwa na mahali pake ilibandikwa ratiba ya mtihani. Pini nne zilikuwa zilezile. Sikujua kama yule mwanafunzi aliurekebisha mshororo wake, wala kama aliulizwa.