Taa ya injini ikiwaka na kuzima, usiendelee na safari
TAA ya injini kwenye dashibodi ikiwaka mfululizo, aghalabu dereva ana muda wa kumtafuta fundi. Ikiwaka na kuzima huku gari likitetemeka, asisubiri: kuna silinda isiyochoma petroli ipasavyo. Petroli hiyo huingia katika ekzosi, ikaungua humo na kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali mno kuliko plagi.

Punguza mwendo, kisha uegeshe pahali salama. Fundi naye asome msimbo kwa kompyuta: P0301 huashiria silinda ya kwanza, P0302 ya pili, nayo P0300 hitilafu isiyotulia katika silinda moja tu, au ya silinda kadhaa.

Kabla hujanunua koili mpya, ile inayoshukiwa ihamishiwe silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, zikaguliwe plagi, noza na mgandamizo wa silinda.