Ukilipa kwa Till, Mwenye Duka Anaona Nini?

Je, ushawahi kulipa kitu kwa simu, halafu jioni mtu usiyemjua akakuita kwa jina lako? Mimi yalinikuta Kisauni. Nilinunua chaja, usiku meseji ikaingia: "Mambo Mrembo, chaja inafanya kazi?" Namba yangu sikuwa nimempa mtu.

Ukiweka PIN, pesa haiendi peke yake. Inaenda na taarifa: namba ya muamala, saa, kiasi, namba ya till, jina lako na namba yako ya simu.

Sasa, nani anaamua kipi kitoke? Mifumo ya malipo huwa na hati inayoeleza programu za maduka zitapata taarifa za aina gani. Wakati mwingine hati hiyo huandikwa na kompyuta yenyewe. Na kompyuta isipowekewa mipaka ni kama mtoto aliyetumwa dukani: anaulizwa bei ya sukari, anaeleza mambo yote ya nyumbani. Ndiyo maana fundi lazima aiambie wazi: hiki kitoke, hiki kibaki ndani. Tena kukiondoa kwenye hati pekee hakutoshi. Lazima kiondoke pia kwenye ujumbe unaotumwa.

Chukua mfano wa M-PESA. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao mifumo ya biashara hupitia kuunganishwa na M-PESA. Siku hizi, ukilipa Paybill au Till, namba yako hufika kwenye mfumo wa biashara ikiwa imefichwa. Jina linaonekana, namba nzima hapana.

Basi yule wa chaja aliipataje? Niliangalia meseji zangu. Kumbe sikulipa till! Aliniambia, "Till imekwama dada, tuma kwa namba yangu." Nikatuma. Hapo nilitoka kwenye njia ya biashara nikaingia njia ya mtu kwa mtu, ambayo mpokeaji aliweza kuona namba yangu.

Kwa hivyo, uwe Likoni, Changamwe au Kisauni:

- Lipa kwa Till au Paybill, si kwa namba ya kibinafsi.
- Ukimtajia muuzaji namba yako ili akutumie ombi la kuweka PIN, jua ushampa namba nzima.
- Ukiombwa kitambulisho kwa malipo madogo, uliza ni cha nini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako: anayekusanya data achukue ile anayohitaji tu, na asiitumie kwa jambo jingine. Akikusumbua, hifadhi meseji na upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na wewe mwenye duka, till ikikwama, mwambie mteja asubiri kidogo. Namba yake si sehemu ya bei.