Maji ya Chumvi na Sukari: Baba Naye Ayajue

Mwaka 1971, vita vilipowaka katika nchi iitwayo leo Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia kambini Bangaon, karibu na mpaka, na dawa ya maji ya kutia mshipani ikawa haitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza glukosi, chumvi na magadi vichanganywe na maji, na jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wapatao 30 katika kila 100. Waliotibiwa hivyo walikufa pungufu ya 4.

Vita vilipokwisha, elimu hiyo ilipaswa kufika vijijini, ambako kuharisha kuliua watoto wengi. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma akina dada nyumba kwa nyumba, wakafikia kaya zaidi ya 12,000,000. Somo lilikuwa jepesi: konzi ya sukari guru, chumvi ya kushikwa kwa vidole vitatu, na maji yapatayo nusu lita. Mshahara wa mwalimu ulitegemea akina mama waliokumbuka vema somo lake, nasi twaona hiyo ni hekima.

Hata hivyo, mwanzoni akina mama walikumbuka lakini hawakutenda. Kisa? Baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa hiyo. Na waume hawakuwa wameelezwa lolote. Mama atathubutuje, ikiwa mwenye nyumba hana imani? BRAC ikawatuma wanaume wakazungumze na wanaume wenzao sokoni na misikitini, na matumizi yakaongezeka.

Bwana askari, jambo hili lakuhusu. Wangapi kati yetu bado husema kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji? Ndiyo yanayompotea, na ndiyo yanayomwua.

Pakiti za zahanati ndizo bora. Zikikosekana, twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi kamwe. Mnyweshe kidogo kidogo, na mama aendelee kunyonyesha. Zahanati hutoa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Lakini choo kikiwa na damu, macho yakididimia, au mtoto akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja, pasipo kumngoja baba atoke lindoni.