Jostiki Inayosukuma Mkono

Miaka ya 1950 kambi ya anga ya Kamina, Kongo, ilikuwa shule. Wanafunzi wa Jeshi la Anga la Ubelgiji walijifunza hapo kwa ndege za Harvard, zenye injini ya nguvu ya farasi 600. Usukani wa Harvard hauna kompyuta katikati: hewa ikikisukuma kibao cha mkia, rubani anaisikia kiganjani. Anayerusha ndege kwenye kompyuta leo anakosa hilo, kwa sababu springi ya jostiki ya kawaida ina ugumu uleule ndege ikiwa imeegeshwa au ikiwa angani.

Jostiki yenye mrejesho wa nguvu ina mota mbili mahali pa springi. Programu huzielekeza zivute kiasi gani, kulingana na mwendo wa ndege. Microsoft iliuza SideWinder yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1997, na hadi leo zile kuukuu zinatafutwa. Ukipata iliyotoka Marekani, soma volti kwanza: kule ni 120, Kongo ni 220. Anayetumia jenereta, kama wengi wa mji wa Kabongo, aweke na stabilaiza. Kisha ifunge mezani kwa skrubu, maana mota zikivuta, kitako nacho hutembea.

Simuleta ya DCS hutuma nguvu yenyewe. X-Plane huhitaji programu ya kati kama XPForce. Ukivuta jostiki nyuma nayo ikakusukuma pembeni, mihimili imebadilishana. DCS ina kisanduku cha kuirekebisha kwenye mipangilio ya nguvu. Ondoa pia lile pengo la katikati ambamo jostiki haifanyi kitu, lililowekwa kwa ajili ya jostiki za springi. Ukiliacha, mkono utasikia nguvu ambayo ndege haiitikii.

Sasa ruka. Toka Kamina, fuata reli ya Kabalo kuelekea kaskazini. Kabongo iko njiani. Tulia kwenye noti 80, sukuma kidogo, kumbuka ugumu wake. Ongeza hadi 160. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne, na mkono usiposikia tofauti hiyo, umeweka nguvu kubwa mno. Hapa ndipo wengi hukwama: wanapandisha kila kitu hadi mwisho wakidhani wanapata uhalisia. Mota iliyofika kikomo kwenye noti 100 haina cha kuongeza kwenye 160. Punguza, uiachie akiba.

Trimu, kidhibiti kinachomwondolea rubani mzigo wa mkononi, ndiyo sababu ya kununua chombo hiki. Kwenye jostiki ya springi unazungusha trimu huku ukiirudisha jostiki katikati, mikono miwili ikibishana. Hapa unashika jostiki pale pale pua inapotulia, unazungusha trimu taratibu, na mzigo unaisha mkononi. Katikati yenyewe imehama. Ukiachia, ndege inabaki ilivyo. Kwenye X-Plane, trimu ikiwa haihamishi kitu, programu ya kati haijaunganishwa. Usiendelee na kingine kabla ya kulimaliza hilo.

Mtikisiko wa mabawa yanapokaribia kupoteza uwezo wa kubeba ndege uwe mdogo. Ni onyo, si tetemeko.

Jambo moja la Kamina: uwanja uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Unapotua, ardhi inapita kwa kasi zaidi kuliko ungekuwa Mombasa pwani, lakini ugumu wa jostiki ni uleule, kwa kuwa unafuata mwendo unaosomwa kwenye saa ya mwendo. Amini mkono na saa, usipunguze mwendo kwa kutishwa na macho.

Na kama unarusha Airbus A320 tu, baki na pesa zako. Jostiki ya ndege yenyewe ina springi tupu, na rubani wake haisikii hewa.