Mabingwa wa mwisho wa juma

Mwaka 1946, wiki chache kabla ya kuundwa ligi inayoitwa leo NBA, Ligi ya Mashariki ya mpira wa kikapu ilianzishwa Pennsylvania, Marekani. Wachezaji walikuwa na kazi nyingine. Mwishoni mwa juma walicheza kwa malipo kidogo. Wilkes-Barre Barons walitwaa ubingwa wa kwanza, 1947. Hadi ligi ilipobadili jina mwaka 1978, wao na Allentown Jets walikuwa na mataji 8 kila mmoja.

Kwa nini wachezaji hodari walibaki huko? Mwishoni mwa miaka ya 1950 NBA ilikuwa na timu 8 tu, tena iliwafungia waliotajwa katika kashfa ya upangaji matokeo ya 1951. Ndiyo maana ubingwa wa Mashariki haukupatikana kirahisi.